Kaakaa Limeshonwa, Je, Usemi?

Mtoto anamwita baba yake, lakini kinachosikika ni "mama". Si utundu. Ili b itoke, pumzi lazima ijikusanye kinywani. Kaakaa likiwa na mpasuko, pumzi hupotelea puani na b hugeuka m.

Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mdomo sungura, mpasuko wa kaakaa, au vyote viwili. Si laana wala mkono wa mtu. Hapa Kenya, Smile Train, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, husaidia kugharimia upasuaji. Kaakaa hushonwa vyema mtoto akiwa na miezi 9 hadi 18, kabla hajazoea kutamka vibaya.

Lakini kushona si mwisho. Hata daktari akifanya kazi nzuri, baadhi ya watoto huendelea kusemea puani kwa kuwa kaakaa halifiki nyuma ya koo. Hao huenda wakahitaji upasuaji wa pili. Wengine wamezoea kukatia sauti kooni. Hao huhitaji mtaalamu wa usemi. Kupuliza puto hakumfunzi mtoto p. P hufunzwa kwa kuitamka. Masikio nayo yapimwe, maana watoto hawa hupata maji ndani ya sikio mara kwa mara.

Tazama ndugu zetu walioko Nairobi. Kibera iko karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na Kawangware si mbali. Hata hivyo, mama anayefua nguo za watu kwa kibarua hupoteza ujira wa kutwa kila aendapo kliniki, na tiba ya usemi hutaka safari nyingi. Upasuaji ni siku moja; matamshi ni miezi. Ikiwa jirani wa hospitali kuu anataabika hivi, aliyeko Faza au Lunga Lunga afanyeje?

Mzazi, kabla ya kutoka hospitalini, ulizia tarehe ya kupimwa usemi. Mtoto akitimiza miaka 3 na mgeni bado hamwelewi, mrudishe. Ukiona kimio kimegawanyika mara mbili, mwonyeshe daktari, hasa kabla ya mtoto kutolewa nyama za puani. Huenda kuna mpasuko uliojificha, na kuzitoa kukazidisha kusemea puani. Kumkata mtoto kimio hakutamfungua ulimi.