Tembo wa mwisho wa Nyungwe

Marafiki, tunawaandikia toka Nzahaha, Rusizi, ng'ambo ya Kongo. Juzi kwenye kundi letu la simu tulitumiana picha za msitu wa Nyungwe. Mmoja wenu akauliza: mbona tembo hatuwaoni?

Hawapo tena. Nyati waliisha miaka ya 1970. Tembo wa mwisho alikufa 1999. Hifadhi ya taifa ikaja 2005, miaka sita baadaye. UNESCO nayo ikauweka msitu kwenye Urithi wa Dunia 2023. Sifa zimekuja, tembo ameshaenda.

Sokwe bado wapo, hata Cyamudongo, kipande kidogo cha msitu huku Rusizi kilichozungukwa na mashamba.

Sisi wakimbizi tunaambiwa ndio tunamaliza miti. Si uongo wote. Mwaka 1994 watu wa kambi za Goma walikata kuni ndani ya Virunga. Lakini wangepikia nini? Maharage hayaiviwi na jua.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, mkileta maharage leteni na jiko linalokula kuni kidogo. Na sisi vijana, tukituma picha ya ndege, tupande na mti atakaotua.