Bapa

Ubavu wa panga huitwa bapa, na wanafizikia walifanya vyema kuliazima neno hilo: kioo bapa. Neno tambarare tuwaachie wenye ardhi.

Darubini ya Newton hutaka kioo bapa kidogo, kilichoinama nyuzi 45, kipeleke mwanga jichoni. Anayekichonga kwa mkono husugua vioo vitatu kwa zamu, kwani viwili peke yake vikisuguana, kimoja hubonyea na kingine hutuna.

Vioo bapa vilisafiri pia. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857. Sekstanti za wapimaji wa misafara kama huo, vyombo vya kupimia kimo cha jua na nyota, zilikuwa na vioo bapa viwili. Bara, pasipo upeo wa bahari, walimimina zebaki chanoni iwe upeo wao. Zebaki hujisawazisha yenyewe, bila msasa.