Ufundishaji wa vivumishi vya upeo vya Kiingereza

Kivumishi cha upeo ni umbo la kivumishi linalokitenga kitu na wenzake wote katika kundi na kukiweka juu kabisa, au chini kabisa, kwa sifa fulani. Kiingereza huliunda umbo hilo kwa njia mbili. Vivumishi vifupi hupachikwa kiambishi tamati "-est", kama katika "tallest", na virefu hutanguliwa na "most", kama katika "most expensive". Mbele yake, kwa kawaida, hukaa "the". Kwa wanafunzi wanaozungumza Kiswahili somo hili ni la lazima mapema, hasa katika sekondari za Tanzania, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia: bila upeo, mwanafunzi wa jiografia hawezi kujibu swali la kwanza kuhusu milima na mito.

Vitabu vingi vya mazoezi hutumia kurasa zao kwa tahajia: "big" huongeza "g" na kuwa "biggest", "happy" hugeuza "y" kuwa "i", na "good" huzaa "best". Mambo hayo yanakaririka, na mwanafunzi makini huyashika upesi. Ugumu wenyewe uko kwingine.

Katika Kiswahili kivumishi hakibadiliki umbo kwa ajili ya ulinganisho. Kazi hiyo hufanywa na "kuliko", "kushinda" au "kupita". Tunasema Asha ni mrefu kuliko Juma, kisha Asha ni mrefu kuliko wote. Kilichobadilika ni yule anayelinganishwa naye tu. Mwanafunzi anayefikiri hivyo huandika "Asha is tall than all", na akisharekebishwa huandika "Asha is taller than all". Sentensi ya pili bado ina kasoro, kwa kuwa Asha mwenyewe yumo ndani ya hao wote. Kiingereza hutaka ama "taller than all the others" ama "the tallest". Kwa hiyo inafaa mwalimu aanze na "kuliko wote" ubaoni, aonyeshe kwamba maneno hayo mawili pamoja ndiyo yanayobebwa na "the" na "-est". Asiyeelezwa hivyo huiona "the" kama pambo na kuiacha.

Kundi nalo lazima litajwe kwa usahihi. Mahali au jumuiya huchukua "in": "the tallest in the class". Idadi huchukua "of": "the tallest of the three". Ndiyo maana mfano wa darasani uanze na vitu vitatu au zaidi. Viwili huishia kwenye ulinganisho wa kawaida.

Eneo lenye makosa mengi yasiyotiliwa maanani ni uteuzi wa kivumishi chenyewe. Kiswahili kina "-refu" kwa mtu, mlima, mto na kisima. Kiingereza humpa mtu "tall", mlima "high", mto "long" na kisima "deep". Matokeo yake ni sentensi kama "Kilimanjaro is the longest mountain in Africa", ambayo kisarufi haina dosari hata moja na bado si sahihi. Hali ni hiyo hiyo kwa "-dogo" na "-kubwa": mdogo wa mwisho nyumbani ni "youngest", hata kama amewapita kaka zake kwa kimo, na kifungua mimba ni "eldest".

Kosa jingine maarufu ni kurundika alama mbili, "the most tallest". Wanafunzi wanaofanya hivyo hawastahili kuchekwa. Waandishi wa Kiingereza wa enzi ya Shakespeare walirundika vilevile, na mfano mmoja unaojulikana sana umo katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Wanasarufi wa karne ya 18, akiwemo Robert Lowth katika kitabu chake cha mwaka 1762, ndio walioutangaza mtindo huo kuwa si sanifu.

Kuhusu mpangilio wa masomo, desturi ya kutanguliza ulinganisho wa viwili ina msingi. Jonathan Bobaljik, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2012, alionyesha kwamba katika lugha za dunia umbo la upeo hujengwa juu ya umbo la ulinganisho. Hata kwa wazawa umbo hili halipatikani kwa wepesi: katika jaribio la Jean Berko la mwaka 1958, watoto wadogo wa Kimarekani walipopewa kivumishi wasichokijua, karibu wote walishindwa kukiundia ulinganisho na upeo.

Zoezi linalofaa sana Afrika Mashariki ni la maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Mwalimu huandika eneo na kina chake, kwa mfano takriban kilomita za mraba 68,800 kwa Victoria na kina cha mita 1,470 kwa Tanganyika, kisha huwaachia wanafunzi waunde sentensi. Watagundua kwamba Victoria ni "the largest of the three" na papo hapo ni "the shallowest". Ugunduzi huo huwalazimisha kuchagua sifa kabla ya kuchagua umbo. Wakati wa kusoma kwa sauti, mwalimu asikilize mwisho wa neno, kwa sababu mazoea ya silabi wazi huwafanya wengi watamke "talesti".

Maswali ya kujaza pengo, ambayo bado yametawala mitihani mingi, hupima tahajia peke yake. Kivumishi kimeshachaguliwa, kundi limeshatajwa, na mara nyingi "the" imeshachapwa. Anayetaka kujua kama darasa lake limeelewa awape wanafunzi takwimu na karatasi tupu.