Je, Wacheza Poka Walibadilisha Sheria? Sauti ya Raia katika Majimbo ya Marekani

Huku kwetu Quiterajo, wilaya ya Macomia, kamari ni haramu kwa walio wengi, na wazee hawangoji serikali iwaambie hivyo. Kwa hiyo nilistaajabu kusoma kwamba huko Marekani raia wa kawaida waliwaendea wabunge wao wakitaka poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha, uruhusiwe kwenye intaneti. Insha hii haitetei kamari. Inauliza swali la kihistoria: je, ni sauti ya wachezaji iliyobadilisha sheria?

Chama chao, Poker Players Alliance, kiliundwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuzuia benki kupitisha malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Wanachama waliandika barua, walipiga simu na walikwenda Washington kuonana na wabunge. Chama kilidai kuwa na wanachama zaidi ya milioni moja. Hata hivyo, mwanahistoria aipokee hesabu hiyo kwa tahadhari: mtu aliweza kujiunga bila kulipa, na sehemu ya fedha za chama ilitoka kwa kampuni za poka zenyewe.

Tarehe 15 Aprili 2011 serikali kuu ilizifungia tovuti kubwa za poka, na fedha za wachezaji wengi zikakwama. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Wizara ya Sheria ilitoa tafsiri mpya ya sheria ya zamani, na majimbo yakapata nafasi ya kuamua yenyewe. Mwaka 2013 michezo ilianza Nevada, New Jersey na Delaware. Pennsylvania ilipitisha sheria yake mwaka 2017, na Michigan mwaka 2019. California nayo ilijadili miswada kwa miaka mingi bila mafanikio, ingawa ina wachezaji wengi.

Tofauti hiyo ndiyo jibu letu. Kasino za New Jersey zilikuwa zikipoteza mapato, na Pennsylvania ilikuwa ikitafuta fedha za kuziba pengo la bajeti. Kule California, kasino za makabila ya wenyeji na kumbi za karata hazikuelewana. Basi sauti ya wachezaji ilisikika pale ilipokutana na maslahi ya hazina na ya wenye kasino. Peke yake haikutosha.

Somo hili linatuhusu. Katiba ya Msumbiji, kifungu cha 79, inampa raia haki ya kupeleka ombi na malalamiko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 inatambua haki ya mkulima anayetumia shamba kwa mila, hata kama hana hati. Na kampeni ya asasi za kiraia iliipeleka sheria hiyo vijijini. Kwa watu wa pwani yetu waliokimbia vita, haki hiyo ndiyo tegemeo la kurudia mashamba yao. Tukiidai, tujiulize kwanza kama walivyopaswa kujiuliza wacheza poka: nani mwingine ananufaika, na nani anatulipia nauli ya kwenda kuidai?