Notre-Dame du Nil (filamu)

Notre-Dame du Nil ni filamu ya mwaka 2019 iliyoongozwa na Atiq Rahimi, mwandishi wa Ufaransa mzaliwa wa Afghanistan. Inatokana na riwaya ya Scholastique Mukasonga yenye jina hilohilo, iliyopata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Wahusika huzungumza Kifaransa na Kinyarwanda.

Hadithi

Ni mwaka 1973 nchini Rwanda. Katika shule ya bweni ya masista, mlimani karibu na chemchemi ya Nile, mabinti wa wakubwa wanalelewa kuwa wake wa wakubwa. Watutsi wametengewa nafasi moja katika kila kumi. Virginia na Veronica ni miongoni mwao. Gloriosa, binti wa waziri, hababaishwi na sista wala padri. Anadai kwamba sanamu ya Bikira Maria mweusi iliyoko chemchemini ina pua ya Kitutsi, na anaazimia kuibandika pua ya Kihutu. Anamburuta rafiki yake Modesta, ambaye mama yake ni Mtutsi. Wanarudi wametapakaa matope, na ili kukwepa adhabu Gloriosa anasema wamevamiwa na Inyenzi, yaani waasi wa Kitutsi. Uongo huo unamfanya shujaa. Mwishowe wanafunzi wa Kitutsi wanawindwa shuleni mwao.

Mtindo

Filamu yenyewe ni ya majonzi, lakini kisa cha pua ni kichekesho kichungu: utundu wa msichana mmoja unageuka suala la dola kwa sababu hakuna mtu mzima anayethubutu kumkanya binti wa waziri. Kando yake yupo Fontenaille, mlowezi mzee anayeamini kwamba Watutsi walitoka Misri ya Mafarao, na anayemvisha Veronica kama malkia wa kale. Mmoja anawachukia Watutsi, mwingine anawatukuza, na wote wawili wamekunywa kisima kimoja: nadharia za kikoloni zilizopima pua na kimo, kisha vitambulisho vya Wabelgiji vya miaka ya 1930 vilivyoandika kabila la kila mtu.

Utengenezaji na mapokezi

Filamu ilipigwa Rwanda na waigizaji vijana wa Kinyarwanda, akiwemo Albina Kirenga katika nafasi ya Gloriosa. Ilioneshwa kwanza Toronto Septemba 2019, na mwaka 2020 ikapata Dubu wa Kioo katika kitengo cha vijana cha tamasha la Berlin. Mukasonga mwenyewe, aliyezaliwa 1956, alisoma chini ya mgawo huo katika shule ya Notre-Dame de Cîteaux, Kigali, na mwaka 1973 akakimbilia Burundi.