Kabla ya CV Palikuwa na Kipande

Mwaka 1920 nchini Kenya, kijana wa Kikuyu au wa Kikamba aliyekwenda kuomba kazi katika shamba la mlowezi hakuulizwa amesoma wapi wala anajua kufanya nini. Aliambiwa atoe kipande. Alikivua shingoni, kikiwa ndani ya kibati kidogo kilichoning'inia kwa kamba, na bwana shamba akaikunjua karatasi iliyobeba maisha yake yote ya kazi: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri wa kwanza, wa pili, ujira aliolipwa, siku aliyoanza na siku aliyoachishwa. Mwenye kipande hakuwa ameandika hata neno moja humo.

Watafuta kazi wengi leo huuliza CV na resume zinatofautianaje, na swali hilo nitalijibu. Lakini katika nchi zetu historia ya karatasi ya kuombea kazi ilianzia kwenye kibati kile, na asiyeijua haoni kwa nini wasifu wake umejaa mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika wa Kenya ilipitishwa mwaka 1915. Vita Kuu vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920, na ilimhusu kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16. Walowezi ndio walioitaka. Mashamba yalihitaji vibarua, na kibarua aliyepigwa au kupunjwa alikuwa na dawa moja tu: kuondoka usiku na kutafuta kazi kwingine. Kipande kiliiziba njia hiyo. Kuondoka kabla mwajiri hajatia sahihi ya kukuachilia lilikuwa kosa la jinai, na polisi waliweza kukusaka na kukurudisha kwa kufuata alama za vidole vyako. Pasipo sahihi hiyo, mlango wa mwajiri mwingine ulikuwa umefungwa.

Safu ya ujira nayo ilifanya kazi yake. Mwajiri mpya aliona ulilipwa shilingi ngapi ulikotoka, akajua hana haja ya kukupa zaidi. Hadi sasa wako waajiri wanaomtaka mwombaji aambatishe hati ya mshahara wa kazi aliyokuwa nayo, na wengi tunaitoa bila kujiuliza inamsaidia nani katika mazungumzo ya malipo.

Kipande kilichukiwa tangu mwanzo. Mwaka 1921 Harry Thuku, mpokeaji simu katika ofisi ya hazina mjini Nairobi, alianza kuwakusanya wafanyakazi kupinga kodi, mpango wa kupunguza ujira, na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, ukidai aachiwe, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walihesabu zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewashutumu wanaume waliokuwa wakianza kutawanyika na kuwataka wasimame imara. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu kwa miaka kadhaa. Watu walikufa, kwa sehemu, kwa sababu ya karatasi ya kazi. Mimi nadhani jambo hili lingestahili kufundishwa katika kila somo la namna ya kuomba ajira.

Upande wa Tanganyika, neno lilikuwa lilelile ila karatasi ilikuwa nyingine. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku uliyomaliza kazi yako iliwekwa alama, na ujira ulikuja kadi ikijaa.

Nchini Kenya kipande cha shingoni kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1947, iliyotaka watu wa rangi zote waandikishwe. Hapo ndipo walowezi wengi walipogundua kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha. Walipinga kwa nguvu mpaka wanaojua kuandika wakafunguliwa njia ya kutoa picha na sahihi. Fedheha hiyo Waafrika walikuwa wameibeba kwa zaidi ya robo karne. Neno lenyewe halikufutika: Wakenya wengi bado wanakiita kitambulisho cha taifa kipande.

Wasifu tunaoujua sasa uliingia kwa mlango wa shule na ofisi. Makarani, walimu na wauguzi waliandika barua ya maombi kwa mkono, wakaeleza elimu na utumishi wao, wakamalizia kwa majina ya watu wa kuwathibitisha. Mpangilio ulikuwa wa Kiingereza, na baada ya uhuru umebaki. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira nchini Tanzania bado humtaka mwombaji aweke maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na wadhamini watatu. Kwa Waingereza, na kwetu tuliorithi kwao, CV ni jina la karatasi yoyote ya namna hiyo, iwe ya dereva au ya profesa. Bujumbura na Kinshasa nao wanasema CV, kwa mkondo wa Kifaransa.

Marekani mambo ni mengine. Huko CV ni ya wasomi, watafiti na madaktari. Inaorodhesha kila chapisho, kila mhadhara, kila tuzo, na inarefuka kadiri mtu anavyozeeka kazini. Ya profesa inaweza kupita kurasa 20. Resume ni ya kila mtu mwingine. Ni ukurasa mmoja, au miwili kwa mwenye uzoefu mrefu, na huandikwa upya kwa kila kazi: unachagua yanayoihusu nafasi hiyo na kuyaacha mengine. Kwa hiyo shirika la Kimarekani lenye ofisi Nairobi au Dar es Salaam likikuomba resume, usilipelekee kurasa sita. Chuo kikuu cha Marekani kikikuomba CV, usijibane kwenye ukurasa mmoja.

Resume ya Kimarekani haina picha, umri, dini wala hali ya ndoa, na hilo nalo lina historia. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi kazini kwa sababu ya rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, na sheria ya 1967 ikawalinda, mwanzoni, wenye umri wa miaka 40 hadi 65. Waajiri wakaanza kuogopa hata kuyaona mambo hayo kwenye karatasi. Ubaguzi haukuisha. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao la kutuma resume za kubuni takribani 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Zenye majina yanayosikika ya Kizungu zilipata simu za mwaliko kwa asilimia 50 zaidi ya zile zenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi, ingawa sifa zililingana. Ikiwa jina peke yake linafanya hivyo, fikiria dini, kabila na idadi ya watoto.

Sisi twayaandika kwa hiari. Ingia kwenye duka lolote la steshenari mjini uombe kuchapiwa CV: fomu iliyo tayari ndani ya kompyuta itaanza na tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, uraia, pengine na namba ya kitambulisho, kabla hata ya ujuzi wako. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inamkataza mwajiri kubagua kwa kabila, dini, umri au hali ya ndoa. Ya Kenya ya 2007 inakataza kubagua kwa dini, jinsia na asili. Kama mwajiri haruhusiwi kuyatumia mambo hayo kukukataa, usimpe. Yafute yote, isipokuwa tangazo la kazi limeyataka kwa sababu iliyo wazi, na nafasi hiyo uijaze kwa kazi ulizozifanya: uliuza nini, ulijenga nini, ulifundisha wangapi.

Jambo la mwisho linahusu karatasi ambayo bado mwajiri ndiye anayeiandika. Kifungu cha 51 cha sheria ya Kenya kinamtaka ampe cheti cha utumishi kila mfanyakazi aliyemaliza angalau wiki nne mfululizo: alianza lini, alifanya kazi gani, wapi, na aliacha lini. Kueleza tabia yake au alivyofanya kazi, sheria hiyohiyo inasema mwajiri halazimiki. Tanzania nako kifungu cha 44 kinadai cheti hicho kazi inapokoma. Ukiondoka kazini, kiombe kwa maandishi, na usikubali kuambiwa urudi wiki ijayo. Ni haki yako kisheria, wala huombi hisani.