Ndege ya Kilo Tano Iliyovuka Bahari

Katika vijiji vyetu watoto hujifanyizia magari ya waya na ndege za mabua. Mtoto hutupa ndege yake, nayo huenda hatua kumi, huanguka, naye huiokota na kuitupa tena. Je, ndege iliyojengwa nyumbani kwa mti mwepesi yaweza kuruka usiku na mchana na kuvuka bahari kuu? Wengi watacheka. Lakini jambo hilo lilitendeka kweli, na leo twataka kuwaeleza wasomaji habari zake tangu mwanzo.

Mwaka 1898, katika mji wa New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyoelea katika birika la maji. Hapakuwa na mtu ndani yake, wala kamba ya kuivuta. Tesla aliiongoza kwa mawimbi ya redio tu, nayo ikageuka alivyotaka. Watazamaji wakastaajabu sana.

Basi, kama mashua yaweza kutii, mbona ndege isitii? Taabu ilikuwa uzito. Mashua huchukuliwa na maji. Ndege hujichukua yenyewe. Redio za zamani zilikuwa na taa za kioo ndani yake, na mawe ya umeme yaliyokuwa mazito. Ukiipakia ndege ndogo mzigo kama huo, haiondoki chini.

Waliolishinda jambo hilo ni ndugu wawili mapacha wa Kalamazoo, katika nchi ya Marekani, jina lao Walter na William Good. Walter alikuwa fundi wa kujenga ndege ndogo. William alikuwa fundi wa redio. Kila mmoja alikuwa na alichokosa mwenzake. Mwaka 1937 ndege yao, waliyoiita Guff, iliruka na kufuata amri kutoka chini. Mabawa yake yalikuwa na upana wa kadiri ya meta 2 na nusu. Usukani wake haukugeuzwa na mashine ya umeme, kwa kuwa ingalikuwa nzito mno. Waliweka mpira uliosokotwa na kuzuiwa kwa kikulabu kidogo. Mawimbi ya redio yalipofika, kikulabu kililegea, mpira ukajisokotoa kidogo, usukani ukageuka. Tazameni akili hiyo: redio ilitoa amri tu, nguvu ikatoka katika mpira. Ndege hiyo imewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian huko Marekani.

Baadaye Walter Good alifanya kazi katika maabara ya elimu ya fizikia ya chuo kikuu cha Johns Hopkins. Katika maabara hiyohiyo alifanya kazi mtu mwingine aliyependa ndege ndogo, naye ni Maynard Hill, aliyezaliwa mwaka 1926. Hill alikuwa mtaalamu wa vyuma. Miaka mingi alijenga ndege zilizoshinda nyingine kwa kwenda juu, kwenda mbali na kukaa hewani. Alipokuwa mzee akakusudia jambo ambalo hakuna aliyelifanya bado: kuivusha ndege ndogo bahari ya Atlantiki.

Watu walimwona anaota, na kweli walikuwa na sababu. Kwanza, macho yake yalikuwa yamedhoofika hata sheria ilimhesabu kuwa kipofu, na masikio yake pia yalikuwa mazito. Alipojenga, alitegemea vidole vyake kuliko macho. Pili, sheria ya chama cha dunia nzima kinachoandika ushindi wa ndege, FAI, ilidai kwamba ndege ya namna hiyo isizidi kilo 5, mafuta yakiwa ndani. Kilo 5 ni uzito wa kuku wawili wanono! Ukiongeza mafuta, sharti upunguze ndege. Ukiimarisha ndege, sharti upunguze mafuta. Hill na rafiki zake wakapima kila kitu. Ndege wakaijenga kwa mti wa balsa, ulio mwepesi mno, na kuifunika kwa plastiki nyembamba. Karibu nusu ya kilo zile 5 ilikuwa mafuta, ile petroli safi ya taa za Coleman, nayo haikufika lita 4. Injini waliitengeneza upya ili inywe kidogo kidogo: kwa saa nzima haikumaliza kikombe kimoja.

Palikuwa na shida nyingine. Mtu anayeongoza ndege kwa redio lazima aione, na katikati ya bahari nani ataiona? Kwa hiyo waliitia kifaa cha kujiongoza chenyewe, kinachojua mahali kilipo kwa msaada wa setilaiti. Redio ilitumika mwanzo na mwisho tu: mtu mmoja aiondoe Kanada, mwingine aipokee Ayalandi.

Mwezi wa Agosti 2002 walirusha ndege tatu. Hakuna hata moja iliyofika. Jasho la miezi mingi likamezwa na maji. Mwaka uliofuata wakarudi. Ndege ya nne ikashindwa vilevile. Ikabaki ya tano. Jioni ya tarehe 9 Agosti 2003 wakairusha kwa mkono kutoka Cape Spear, katika kisiwa cha Newfoundland. Ikapotea machoni pao, ikaenda zake juu ya maji. Safari ilichukua usiku mbili. Kuna saa kadhaa ambazo habari zake zilikatika kabisa, nao waliongoja wakadhani kwamba hii nayo imezama. Kumbe ilikuwa ingali hewani.

Tarehe 11 Agosti, mchana, watu waliosimama pwani karibu na Clifden, katika Ayalandi, wakaiona. Dave Brown akaishika kwa redio yake na kuishusha salama. Ilikuwa imeruka saa 38 na dakika 52, ikapita kilometa 3,028, karibu sawa na kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa na kurudi. Jirani na hapo ndipo Alcock na mwenzake Brown walipotua mwaka 1919, baada ya kuvuka bahari hiyo mara ya kwanza pasipo kutua njiani.

Hill alikuwa na miaka 77 siku ile. Aliaga dunia mwaka 2011. Ndege yake aliipa jina la shamba la Butts, kwa heshima ya mwenye shamba lile aliyewapa uwanja wa kujaribia ndege zao. Basi, tukiulizwa ni nani aliyevusha ndege ile, tusimtaje mzee peke yake. Tumkumbuke na aliyeiondoa, na aliyeipokea, na yule mkulima aliyekubali nyasi zake zikanyagwe.